Kuhamisha mfumo wa kompyuta kwenye diski mpya si sawa na ‘kupiga Windows’

Na Mwandishi Wetu

MTU anayepeleka kwa fundi kompyuta inayochukua dakika tano kuwaka, mara nyingi hupewa jibu moja: ipigwe Windows. Kwa lugha ya mafundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na kwingineko, maana yake ni kufuta sehemu ya diski inayobeba mfumo endeshi na kuuweka mfumo huo upya, kana kwamba kompyuta imetoka dukani.

Kompyuta hurudi nyumbani ikiwa nyepesi. Lakini kama mwenyewe hakuulizwa, au aliulizwa na hakuelewa swali, picha za harusi, hesabu za duka za miaka mitatu na tasnifu iliyobakiza sura moja huwa zimekwenda na maji. Programu ya mauzo iliyowekwa na kampuni ambayo siku hizi haipatikani nayo huwa imetoweka, na hakuna anayejua ilikopatikana mara ya kwanza. Kisha, baada ya miezi michache, kompyuta ile ile huanza kujikokota kama zamani.

Hujikokota kwa sababu katika kompyuta nyingi za miaka ya 2010 kilichopitwa na wakati si mfumo endeshi bali diski inayoubeba. Dawa yake ni kuweka diski ya aina ya SSD na kuuhamishia humo mfumo wote kama ulivyo, pamoja na programu, mipangilio na mafaili yake. Kazi hiyo haihitaji kufuta chochote kwenye diski ya zamani, na hapo ndipo inapotofautiana na kupiga Windows.

Ili kuelewa kwa nini diski moja inaweza kuizeesha kompyuta nzima, ni vema kujua ilivyo kwa ndani. Diski ngumu ya kawaida ni sahani zinazozunguka, huku kichwa kidogo kikisoma na kuandika data juu yake kwa nguvu ya sumaku. Kampuni ya IBM ya Marekani ndiyo iliyoitoa teknolojia hiyo mwaka 1956 katika mtambo wa RAMAC. Mtambo huo ulikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na wote kwa jumla ulihifadhi herufi zipatazo milioni tano. Picha moja tu ya simu ya siku hizi ingeweza kuujaza.

Sahani zimepungua ukubwa tangu wakati huo, lakini kanuni ni ile ile. Diski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, kiasi kwamba mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11. Kichwa kinapotafuta kipande cha data, kwanza hulazimika kusogea hadi kwenye njia husika, kisha kusubiri sahani izunguke hadi kipande hicho kifike chini yake. Kusubiri huko pekee ni wastani wa milisekunde tano na nusu. Ukijumlisha na muda wa kusogea, diski hiyo haiwezi kusoma zaidi ya vipande 100 hivi kwa sekunde iwapo vimetawanyika. Nayo Windows, wakati wa kuwaka, hufungua maelfu ya mafaili madogo madogo yaliyotawanyika kila kona. Kichakataji, hata kiwe na kasi ya namna gani, hukaa kikisubiri.

SSD haina sahani wala kichwa. Huhifadhi data katika kumbukumbu ya flashi, teknolojia iliyobuniwa na mhandisi wa Kijapani Fujio Masuoka alipokuwa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Ni ndugu wa ile flashi ndogo inayoning’inia kwenye funguo za watu, ingawa ina akili na kasi zaidi. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, kipande chochote husomwa kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde, au chini ya hapo. Ndiyo maana kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika kadhaa inaweza kuwaka kwa chini ya nusu dakika bila kuongezwa kitu kingine.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji ambacho, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni cha kizazi cha nane au zaidi. Hapa ukweli usemwe, maana wauzaji wengine huukwepa: diski mpya haibadilishi sifa hizo. Kompyuta ya mwaka 2014 yenye SSD itakuwa na kasi, lakini haitakubaliwa na Windows 11 kwa njia rasmi. Microsoft ilitangaza mpango wa kuwapa watumiaji binafsi masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026, na wapo waliochagua kuhamia Linux. Anayenunua SSD kwa ajili ya kompyuta ya namna hiyo anunue akijua kwamba ananunua kasi, si usalama.

Swali linalowashinda wengi ni kwa nini mfumo endeshi usinakiliwe tu kama nyimbo, ukatolewa diski moja na kubandikwa nyingine. Sababu ni kwamba sehemu muhimu ya kinachoiwasha kompyuta haionekani. Windows katika kompyuta za kisasa huigawa diski katika vyumba kadhaa. Mbali na chumba cha C ambacho kila mtu anakifahamu, kipo chumba kidogo, mara nyingi cha megabaiti 100, chenye programu ya kuuamsha mfumo. Kipo kingine cha megabaiti 16 cha matumizi ya Microsoft yenyewe, na kingine chenye zana za ukarabati.

Kompyuta ikiwashwa, hutafuta kwanza kile chumba kidogo. Isipokikuta, diski iliyobeba Windows nzima huwa kama diski tupu mbele yake. Aidha, baadhi ya mafaili ya mfumo huwa yamefungwa wakati Windows inafanya kazi, na hayakubali kunakiliwa kwa mkono.

Programu za kukloni, yaani za kutoa nakala ya diski nzima pamoja na vyumba vyake vilivyofichika, hukwepa vikwazo hivyo. Clonezilla ni ya bure na huendeshwa kutoka kwenye flashi kabla Windows haijawaka. Ina nguvu, ingawa sura yake ya maandishi matupu humtisha asiyeizoea. Baadhi ya watengenezaji wa SSD, Samsung akiwa mmoja wao, hutoa programu zao kwa wanaonunua diski zao, na hizo ni rahisi zaidi kutumia. Macrium Reflect, inayotajwa katika maelekezo mengi ya zamani, bado ipo, lakini toleo lake la bure lilifikia mwisho wa huduma Januari 1, 2024.

Kabla ya programu kuna kununua diski yenyewe, na hapa fedha nyingi hupotea bure. SSD za kompyuta za kawaida huja kwa maumbo makuu mawili. Ya kwanza ni kiboksi chembamba cha inchi 2.5 kinachoingia pale pale ilipokuwa diski ngumu ya kompyuta mpakato na kutumia njia ya SATA. Kasi yake huishia megabaiti 550 hivi kwa sekunde. Ya pili ni kijiti kinachoitwa M.2, ambacho kwa kawaida kina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80.

Kijiti hicho ndicho chenye mtego. Vipo vya SATA na vipo vya NVMe, vinafanana kwa mbali, na tundu lililotengenezwa kwa aina moja pekee halitaitambua nyingine. Vya NVMe vya kizazi cha tatu hufikia megabaiti 3,500 kwa sekunde. Hata hivyo, mtu anayetoka kwenye diski ya sahani hataona tofauti kubwa kati ya SATA na NVMe katika kazi za ofisini, kwa kuwa kinachompa nafuu ni kuondokana na kule kusubiri sahani. Jambo la busara ni kusoma mwongozo wa kompyuta husika, au kuifungua na kutazama, kabla ya kwenda dukani. Wenye kompyuta mpakato za Apple zenye chipu za M1, zilizotoka mwaka 2020, na za baadaye hawana habari hii, kwani hifadhi zake zimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama.

Wajihadhari pia na bidhaa bandia. Zipo flashi na SSD zilizochezewa ili zijitambulishe kuwa na terabaiti mbili au zaidi huku ndani zikiwa na sehemu ndogo tu ya ukubwa huo. Data huandikwa bila malalamiko yoyote, nafasi halisi ikishajaa inaandikwa juu ya ile ya mwanzo au kutupwa hewani, na mwenye mali hugundua siku anapoihitaji. Programu za bure za H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux huijaza diski nzima na kuisoma tena ili kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Ni saa chache za kusubiri, lakini ni heri zipotee kabla ya kuhamisha mfumo kuliko baada yake.

Kuhusu ukubwa, kinachohesabiwa si ukubwa wa diski ya zamani bali data iliyomo. Diski ya terabaiti moja yenye data ya gigabaiti 180 inaweza kuhamia kwenye SSD ya gigabaiti 500, mradi programu iwe na uwezo wa kupunguza vyumba. Clonezilla kwa kawaida hudai diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi, hivyo vyumba itabidi vipunguzwe kwanza kwa zana nyingine.

Kazi yenyewe inapokaribia, linakuja jambo ambalo halimo katika mazoea ya mafundi wengi wa zamani. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni huifunga data kwa siri bila mwenyewe kujua, kwa teknolojia ya Microsoft iitwayo BitLocker au kwa namna yake nyepesi inayowekwa hata kwenye toleo la Home. Siku zote mambo huwa shwari. Lakini mazingira ya kuwaka yakibadilika, kompyuta inaweza kusimama na kudai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Asiyekuwa nao hana pa kupitia. Hakuna fundi wa kuufungua, na hata Microsoft haiwezi kuutengeneza upya.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa bisibisi, mtumiaji aangalie katika mipangilio ya Windows kama kompyuta yake imefungwa kwa namna hiyo. Kama imefungwa, autafute ufunguo katika akaunti yake ya Microsoft, auandike kwenye karatasi, kisha asitishe BitLocker kwa muda au aizime kabisa hadi kazi itakapokwisha. Kompyuta ya ofisi ufunguo wake huenda uko kwa mtu wa kitengo cha Tehama, ambaye ni vema aulizwe akiwa bado kazini.

Baada ya hapo, nakala ya mafaili muhimu iwekwe mahali pa tatu, pasipo diski ya zamani wala mpya. Diski ya nje inatosha. Hatua hii huonekana ya ziada, kwa sababu diski ya zamani si inabaki na kila kitu? Inabaki, isipokuwa pale mtu anapokosea mwelekeo. Programu ya kukloni huuliza diski ya kutoka na diski ya kwenda, na anayezigeuza huinakili diski tupu juu ya ile iliyojaa. Dakika moja ya kosa hilo inatosha kuharibu orodha ya vyumba vyote. Njia ya kulikwepa ni kuzitambua diski kwa jina la mtengenezaji na ukubwa, si kwa namba yake kwenye orodha, na kuisoma mara mbili ile sentensi ya onyo ambayo kila mtu huipita kwa kubonyeza ndiyo.

SSD ya inchi 2.5 huunganishwa kwa waya wa kutoka SATA hadi USB, ya M.2 huhitaji kasha lake. Data ya gigabaiti 200 kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde ingechukua kama dakika 34, lakini diski ya zamani mara nyingi huwa na kasi ndogo zaidi ya hiyo. Tundu la zamani la USB 2.0, linalopitisha megabaiti 35 hivi kwa sekunde, huvuta kazi hiyo hadi zaidi ya saa moja na nusu. Umeme ukikatika katikati, data ya diski ya zamani haiguswi, ila kazi itaanza upya. Kompyuta mpakato ichajiwe na ibaki kwenye umeme. Ile ya mezani iwe na betri ya akiba.

Kukloni kukikamilika, kompyuta izimwe, diski ya zamani itolewe, na mpya iwekwe mahali pake. Kuiacha ya zamani ndani wakati wa kuwasha mara ya kwanza ni kujitafutia mkanganyiko. Nakala kamili hubeba hata namba ya utambulisho ya diski, na Windows ikikuta diski mbili zenye namba moja huizima mojawapo. Mbaya zaidi, kompyuta inaweza kuwaka kwa kutumia diski ya zamani, mtumiaji akaamini uhamisho umefanikiwa, akaifuta.

Ikiwaka vizuri, hakuna haja ya kuhofia leseni. Leseni ya kidijitali ya Windows imefungamana zaidi na ubao mama, na kubadili diski pekee kwa kawaida hakuiondoi.

Isipowaka, sababu huwa chache. Huenda mipangilio ya awali ya kompyuta, maarufu kama BIOS, haijaelekezwa kwenye diski mpya. Huenda chumba kidogo cha kuamshia hakikunakiliwa, na hilo hurekebishwa kwa zana za ukarabati zilizomo katika flashi ya kuwekea Windows. Na huenda skrini ya buluu ikasema kuwa diski ya kuwakia haifikiki, jambo linalotokea hasa mtu anapotoka SATA kwenda NVMe, kwa sababu Windows haikuandaa mapema programu ya kuitambua aina hiyo ya diski. Kuwasha mara moja kwa hali ya usalama mara nyingi huilazimisha kuipakia. Katika yote hayo, diski ya zamani ipo mezani, na kuirudisha mahali pake ni kazi ya dakika chache.

Zipo hali ambazo kukloni hakufai. Kompyuta iliyojaa virusi itavihamisha vyote kwa uaminifu mkubwa. Windows ya wizi itabaki ya wizi. Kompyuta iliyonunuliwa mitumba, ambayo mwenye nayo hajui aliyeitumia kabla yake alipachika nini, ni salama zaidi ikiwekewa mfumo mpya kwenye SSD tupu, huku mafaili yakiletwa baadaye kutoka diski ya zamani. Hiyo nayo ni kupiga Windows, ila inafanyika kwenye diski isiyo na cha kupoteza.

Hali nyingine ni ya diski ya zamani inayokufa. Dalili zake ni mlio wa kugonga, kompyuta kuganda kwa sekunde kadhaa mara kwa mara, na mafaili yanayokataa kufunguka. Kukloni huilazimisha diski kusomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kazi ambayo diski dhaifu inaweza isiimalize. Mwenye diski ya namna hiyo atoe kwanza yale mafaili machache asiyoweza kuishi bila hayo, na ndipo afikirie mengine. Ipo programu ya bure ya GNU ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kuzirudia mbovu baadaye, lakini diski inayogonga kwa sauti izimwe na kupelekwa kwa mtaalamu wa kurejesha data.

Baada ya kuhamia, SSD haihitaji matunzo mengi. Kupanga upya vipande vya data, desturi iliyosaidia diski za sahani, hakuna faida kwake na huitumia bure. Windows, tangu toleo la 7 la mwaka 2009, huijulisha SSD sehemu zilizoachwa wazi ili izisafishe yenyewe. Hofu kwamba diski hizi huchakaa haraka imepitiliza. Baadhi ya SSD za gigabaiti 500 hupewa dhamana ya kuandikwa terabaiti 300, na kwa mtu anayeandika gigabaiti 20 kila siku hiyo ni miaka 41.

Cha kuhofiwa ni kingine. Diski ya sahani mara nyingi hulalamika kabla ya kufa. SSD huweza kuwa nzima asubuhi na isionekane kabisa jioni. Ule utaratibu wake wa kujisafisha pia hufanya faili lililofutwa kwa bahati mbaya kuwa gumu sana kurejeshwa. Kwa sababu hiyo diski ya zamani, kama bado ni nzima, isitupwe. Ikae wiki mbili au tatu bila kuguswa hadi ihakikishwe kuwa kila programu na kila faili linafunguka, kisha iwekwe kwenye kasha la USB na kuwa diski ya kutunzia nakala za kila wiki.

Anayeamua kuiuza akumbuke kilichomo. Kuifuta kwa njia ya haraka huondoa orodha ya mafaili tu, na mafaili yenyewe hubaki yakisubiri mtu mwenye programu ya kuyachimbua. Kwa diski za hospitali, shule au duka lenye taarifa za wateja, hilo ni suala la kisheria: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa diski ya sahani, kinachotakiwa ni kuondoa alama ya vema kwenye chaguo la kufuta kwa haraka. Tangu Windows Vista, ufutaji kamili huandika sifuri juu ya chumba chote kilichochaguliwa, kwa hiyo kila chumba kifanyiwe hivyo. Kwa diski kubwa kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na inaweza kuachwa iendelee usiku.